Umeme mdogo mwisho wa laini: busta inasaidia wapi, na wapi inaunguza

Simama karibu na friji saa mbili usiku katika nyumba iliyo mwisho wa laini, iwe Nala, Ihumwa au kule Chamwino, mkoani Dodoma, usikilize. Kompresa inanguruma sekunde kadhaa, nyuma kunalia "tak", kisha kimya. Dakika chache zikipita inanguruma tena, "tak" tena. Friji hiyo haijaharibika bado. Mota yake inajaribu kuanza, volti hazitoshi kuizungusha, umeme mwingi unapita kwenye koili iliyosimama tuli, na kile kidude kidogo cha ulinzi kilichobandikwa ubavuni mwa kompresa kinapata joto na kukata. Kikipoa kinarudisha, mota inajaribu tena. Inajaribu hivyo makumi ya mara kwa usiku mmoja, na kila mara koili inapikwa kidogo. Siku itakapoungua, lawama itaangukia friji.

Hesabu yake iko wazi. Nguvu ya mota kujizungusha hupungua kwa mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, mota haipotezi asilimia 22 ya nguvu yake ya kuanzia bali karibu asilimia 39. Wakati huohuo mota iliyokwama hunyonya ampea mara tano hadi saba ya zile inazotumia ikiwa inazunguka. Ndiyo maana umeme mdogo huunguza mota za friji, pampu na feni, wakati taa ya LED na chaja ya simu zinaendelea kama hakuna kilichotokea.

Jibu la haraka ambalo watu hupewa dukani ni boksi la kupandisha volti, ambalo mafundi wengi huliita busta, au stabilaiza likiwa linajirekebisha lenyewe. Ni kifaa kizuri kikiwekwa mahali pake. Tatizo ni kwamba kinanunuliwa kabla ya mtu kujua volti zake zinapotelea wapi, na kuna mahali zinapopotelea ambapo kuweka busta ni kuchochea moto.

Volti zinapotelea njiani

Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230 kwa fezi moja (fezi ni waya wenye moto), volti 400 kati ya fezi na fezi, hezi 50. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60038 kinakubali asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya volti 207 na 253 pale umeme unapomfikia mteja. Chini ya hapo vifaa vyenye mota huanza kuteseka.

Waya wowote una ukinzani, na kila ampea inayopita hulipa ushuru wa volti kidogo. Chukua laini ya alumini ya milimita mraba 50. Ukinzani wake ni omu 0.641 kwa kilomita. Nyumba iliyo mita 600 kutoka kwenye transfoma, kama nguzo kumi na mbili hivi, ina waya wa kwenda na wa kurudi, jumla kilomita 1.2, sawa na omu 0.77. Nyumba za mwisho wa laini kwenye fezi hiyo zikivuta ampea 40 kwa pamoja, 40 mara 0.77 ni volti 31. Umeme uliotoka kwenye transfoma ukiwa 230 unafika ukiwa 199. Hakuna aliyeiba wala transfoma haijaharibika. Ni urefu wa waya na wingi wa mzigo tu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Fezi tatu zikigawana mzigo sawasawa, waya wa nyutro, yaani ule wa kurudi, unabaki karibu mtupu, na hasara inakuwa ya waya mmoja badala ya miwili: volti 15 badala ya 31. Mashine ya kusaga inayotumia fezi moja, fundi wa kuchomelea na nyumba ishirini zikirundikwa kwenye fezi moja huku zile nyingine mbili zikiwa nyepesi, mtaa mzima wa fezi ile unaumia. Kuhamisha nyumba chache kutoka fezi moja kwenda nyingine ni kazi ya TANESCO juu ya nguzo, na mara nyingi inarudisha volti nyingi kuliko boksi lolote la dukani.

Wapo wanaouliza: Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, kwa nini friji yangu haianzi? Ni kwa sababu bwawa linajaza umeme wa nchi, halifupishi waya wa mtaani. Mzigo wa kilowati 10 ukisafiri kwa volti 230 unahitaji ampea 43. Mzigo huohuo ukisafiri kwa volti 33,000 unahitaji ampea 0.3. Tiba halisi ya mtaa uliorefuka ni kuusogeza umeme mkubwa karibu na watu na kuweka transfoma nyingine. Dodoma imepanuka kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, na nyumba mpya huvuta waya kutoka nguzo ya jirani kabla transfoma ya pili haijafika. Katika kipindi hicho cha kungoja ndipo busta ina kazi ya maana.

Volti zinanunuliwa kwa ampea

Ndani ya boksi kuna chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Aina inayotumika hapa ni autotransfoma: koili ni moja, umeme unaingia katikati yake na kutoka juu kidogo, na ile sehemu ya ziada ya mizunguko ndiyo inayoongeza volti. Nyutro inapita moja kwa moja, haikatwi. Kwa hiyo autotransfoma haitenganishi nyumba yako na laini kama transfoma ya koili mbili. Hitilafu ya laini inapita ndani yake kama kawaida.

Boksi halitengenezi umeme. Likipokea volti 200 na kutoa 220, na mzigo wako ukavuta ampea 10 upande wa kutokea, upande wa kuingilia litavuta ampea 11. Zidisha pande zote mbili utapata wati 2,200, ukiacha hasara ndogo inayogeuka joto. Ukitaka volti unalipa kwa ampea, na ampea hizo zinatoka kwenye waya uleule uliochoka.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wenye magari ya kulala huko Marekani hubishana juu yake kila majira ya joto: je, mwenye busta anawaibia wenzake? Kambi zao hutoa umeme wa volti 120 kwenye nguzo ya ampea 30 au 50. Joto likipanda viyoyozi vyote vinawashwa pamoja, volti zinashuka hadi 105, na wenye autotransfoma wanapandisha asilimia 10 hadi 115. Volti 10 zikipotea kwenye 120 ni zaidi ya asilimia 8, lakini kwenye 230 ni asilimia 4 na ushei, kwa hiyo wenzetu wanaumia mapema kuliko sisi. Lakini fizikia ni ileile, na jibu lake linategemea mzigo.

Kwa birika, pasi, heta ya kuogea na jiko la koili, jibu ni ndiyo, unavuta zaidi. Birika la wati 2,000 lina ukinzani wa omu 26.5 hivi. Kwenye volti 200 linavuta ampea 7.6. Ukiliweka nyuma ya busta ya asilimia 10 linapata volti 220, linavuta ampea 8.3, na laini inatoa ampea 9.13. Hiyo ni asilimia 21 zaidi. Maji yanachemka mapema, kwa hiyo uniti za LUKU hazibadiliki sana, lakini laini inabanwa zaidi kwa dakika zile. Nyumba kumi za mwisho wa laini zikifanya hivyo pamoja kwenye mfano wetu wa omu 0.77, zinaongeza ampea 16 na kupoteza volti 12 nyingine. Kila mmoja amenunua volti 20 na kulipa 12 kwa pamoja, na asiye na busta amepoteza 12 bure.

Kwa mota iliyo kwenye mwendo hali ni tofauti. Pampu inayovuta maji au kompresa inayosukuma gesi ina kazi ileile ya kufanya, volti zikiwa ndogo au kubwa. Volti zikishuka inavuta ampea zaidi ili kufidia, ukizipandisha, inapunguza. Ukijumlisha na hesabu ya busta, laini inabeba takribani ampea zilezile, lakini koili ya mota inapoa. Kwa hiyo majirani hawaumii na mota inapona.

Kwa hiyo mota ziwe ndani ya busta, vya kuzalisha joto viwe nje. Busta ndogo kwa ajili ya friji na nyingine kwa ajili ya pampu ni bora kuliko boksi kubwa la nyumba nzima lililofungwa baada ya mita. Taa za LED, televisheni na chaja nyingi zimeandikwa 100–240 V ubavuni na hazihitaji msaada wowote. Kiyoyozi cha inveta nacho mara nyingi kinavumilia volti za chini. Soma kibandiko chake kabla hujatumia hela.

Pima kwanza, nunua baadaye

Unahitaji multimita nzuri, birika, karatasi na siku tatu. Usiguse mita ya LUKU wala lakiri yake. Pima kwenye soketi iliyo karibu zaidi na meni swichi, kisha kwenye soketi ya mbali, ile ya friji au pampu.

Kwanza pima birika lenyewe. Lichomoe, washa swichi yake, pima ukinzani kati ya pini mbili za umeme za plagi. Tuseme umepata omu 26.5. Sasa nenda kwenye soketi ya karibu na meni swichi. Soma volti bila mzigo: 212. Chomeka birika lenye maji kwenye soketi pacha, subiri sekunde tano, soma tena: 203. Rudia mara tatu ufuate wastani, kwa sababu jirani anaweza kuwasha kitu chake katikati ya kipimo chako. Birika linavuta 203 gawa kwa 26.5, yaani ampea 7.7, na volti 9 zimepotea. Tisa gawa kwa 7.7 ni omu 1.17. Huo ndio ukinzani wa laini yote hadi kwenye meni swichi yako.

Nenda kwenye soketi ya mbali, ukafanye vilevile. Tuseme bila mzigo ni 212 na ukiwa na birika ni 191. Ampea ni 7.2, volti zilizopotea ni 21, ukinzani ni omu 2.9. Toa 1.17, inabaki omu 1.74 ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Hapo simama, ulinganishe na waya. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una omu 7.41 kwa kilomita. Kama soketi hiyo iko mita 40 kutoka meni swichi, kwenda na kurudi ni mita 80, sawa na omu 0.59. Hata fundi angekuwa ameweka waya wa 1.5, wenye omu 12.1 kwa kilomita, ungepata 0.97 tu. Wewe umepata 1.74. Omu 1.15 zimekaa mahali ambapo hapana waya: kwenye skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, kiungo kilichosokotwa na kufungwa selotepu ndani ya dari, au breka iliyoungua meno. Kwa ampea 7.2, kiungo hicho kinatoa joto la wati 60. Hebu fikiria balbu ya wati 60 inawaka ndani ya boksi la plastiki, juu ya dari, karibu na mbao.

Ukifunga busta kwenye mzunguko kama huo, boksi litavuta ampea zaidi kupitia kiungo kilekile, na joto linakua kwa mraba wa ampea. Nyumba huungua hivyo. Tafuta kiungo kwanza: zima meni swichi, fungua soketi moja baada ya nyingine, angalia plastiki iliyobadilika rangi, nusa harufu ya samaki inayotoka kwenye plastiki iliyopata joto, kata ncha ya waya iliyoungua, menya upya, kaza. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na akimaliza mpime tena mbele yake kwa birika lilelile. Tahadhari nyingine ni waya wa bei rahisi ambao nje umepakwa rangi ya shaba na ndani ni alumini. Ukiukwaruza kwa kisu unang'aa mweupe. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko unaoandikwa, na ncha zake hulegea zenyewe baada ya miezi.

Kama ndani ya nyumba ni pazuri na hasara yote iko kabla ya meni swichi, andika vipimo saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku kwa siku tatu. Volti zikiwa 228 alfajiri na 190 usiku, laini yako imeelemewa na mzigo, na hapo busta inastahili. Zikiwa 195 saa zote, hata alfajiri, tatizo liko juu zaidi, labda kwenye mpangilio wa transfoma yenyewe, na linahitaji TANESCO.

Nyutro iliyolegea

Kuna umeme mdogo ambao si mdogo. Nyutro ikilegea au kukatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba za fezi mbalimbali zinajikuta zimeunganishwa kwa foleni ndani ya volti 400. Nyumba yenye mzigo mkubwa inapata volti kidogo, yenye mzigo mdogo inapata nyingi. Wewe unayepika unaona 110 na kusema umeme mdogo. Jirani mwenye taa mbili anapata 290 na balbu zake zinaungua. Dakika kumi baadaye yeye anawasha pasi, wewe unazima jiko, na zamu inageuka: 290 kwako. Busta ya kudumu ya asilimia 10 inazipeleka 319.

Dalili zake ni hizi: volti zinacheza juu na chini kupita kiasi, zinavuka 250 wakati mwingine, au taa zinang'aa zaidi pale kifaa kizito kinapowashwa badala ya kufifia. Ukiona hivyo zima meni swichi, toa taarifa ya dharura TANESCO, na waambie majirani wazime pia. Usijaribu stabilaiza hata ya bei ghali.

Kuchagua boksi

Busta ya kudumu, inayoongeza asilimia ileile saa zote, ndiyo inayoua vifaa vingi. Usiku inachukua 195 na kuifanya 224, kila mtu anafurahi. Saa kumi alfajiri mtaa umelala, laini imepanda hadi 238, na boksi la asilimia 15 linatoa 274. Friji ndiyo iliyo macho saa hizo. Kwa hiyo boksi lazima lijirekebishe lenyewe, au liwe na kifaa cha kukata volti zikizidi 250 na zikipungua chini ya 180 hivi.

Usishangae boksi dogo kubeba mzigo mkubwa. Transfoma ya 230 kwa 24, ya VA 500 (VA ni volti mara ampea, na kVA ni VA elfu moja), koili yake ya pili ikiunganishwa mfululizo na laini, inaongeza asilimia 10 hivi na inaruhusu ampea 20, yaani zaidi ya kilowati 4. Ni kwa sababu sehemu ya kumi tu ya umeme inapita kwenye sumaku. Iliyobaki inapita kwenye waya moja kwa moja. Ikiunganishwa kinyume itapunguza volti 24 badala ya kuongeza, kwa hiyo fundi hupima kabla ya kuunga mzigo.

Stabilaiza za kuanzia volti 140 ni habari nyingine. Zile zinafanya kazi kubwa zaidi, na namba iliyoandikwa mbele ni ya volti za kawaida. Boksi la kVA 5 kwenye volti 230 ni ampea 22 hivi. Likipokea 160 na kuvuta ampea zilezile, linatoa kVA 3.5 tu. Ulizia uwezo wake kwenye volti za chini kabisa, na kama muuzaji hajui, ukate theluthi mwenyewe.

Pampu ya shamba la zabibu kule Hombolo, ya kilowati 1.5 fezi moja, inavuta ampea 10 ikiwa inazunguka, lakini inapoanza inaweza kuvuta 50 kwa sekunde moja. Boksi lake liwe la kVA 5 au 6, siyo 2. Boksi dogo litashuka volti palepale pampu inapozihitaji.

Aina ya rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku, hubadilisha ngazi kwa kugonga, nawe unasikia. Ikigonga mfululizo bila kutulia, "tak-tak-tak", iko kwenye mpaka wa ngazi mbili: inapanda, mzigo unavuta zaidi, laini inashuka, inapanda tena, kisha inajiona imezidi na kurudi. Punguza mzigo uliopo nyuma yake. Meno ya rilei inayogonga usiku kucha huungua na kushikana, na boksi linabaki kwenye ngazi ya juu hadi alfajiri. Aina ya mota ndogo inayotembeza brashi ya kaboni hutoa volti laini zaidi, lakini ni ya polepole, na vumbi la Dodoma la Septemba na Oktoba linaila brashi. Ifunguliwe na kupulizwa kila baada ya miezi mitatu ya kiangazi.

Kwa friji na kiyoyozi hakikisha boksi linachelewesha kurudisha umeme dakika tatu hadi tano baada ya kukatika. Gesi inahitaji muda huo kusawazika, la sivyo kompresa inaanza dhidi ya shinikizo na kukwama hata kama volti ni 230.

Kambi za magari ya wageni

Barabara ya Dodoma kwenda Kondoa, Babati na Arusha hupitisha wageni wenye magari ya kulala, wengine wakisimama Kolo kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwenye kambi anayetaka kuwapa umeme hukumbana na hesabu zilezile, na kosa la kawaida ni kununua busta kwa tatizo la waya.

Tuseme maegesho yako mita 80 kutoka meni swichi, na magari manne yanavuta ampea 8 kila moja, jumla 32. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 6 unapoteza volti 16 kabla umeme haujafika kwenye soketi ya mgeni. Kwa waya wa 16 unapoteza 6. Volti kumi umezirudisha bila boksi, bila kelele na bila kitu cha kuharibika. Kama laini ina fezi tatu na umepewa fezi tatu, yagawe maegesho, fezi hii mawili, ile mawili, na hata waya wa 6 utapoteza volti chache tu. Baada ya hapo, kama umeme unafika meni swichi ukiwa 195, weka stabilaiza moja pale mwanzoni mwa waya, siyo moja kwenye kila nguzo.

Kila soketi ya mgeni iwe na breka yake na RCD yake ya miliampea 30, yaani kifaa kinachokata umeme ukivuja kwenda ardhini. Ni sharti la viwango vya kimataifa vya kambi, na ni la haki: mtu yuko pekupeku kwenye nyasi zenye maji, ameshika mlango wa gari la bati. Magari ya Ulaya hutumia plagi ya bluu ya ampea 16 na umeme wao ni wa 230, hezi 50, kwa hiyo hayana shida. Gari la Marekani ni la 120, hezi 60. Linahitaji transfoma ya kushusha, siyo busta, na hezi hazibadiliki: mota yake ya kiyoyozi inazunguka polepole kwa moja ya sita na chuma chake kinapata joto. Mwambie mgeni atumie umeme wako kuchaji betri kupitia chaja inayokubali volti zetu, kiyoyozi akiache.

Na ethi usiidharau. Ardhi yetu hukauka tangu Mei hadi Novemba, na rodi iliyopimwa vizuri Februari inaweza kuwa karibu bure Oktoba. Rodi mbili au tatu zilizopishana mita tatu, zikaungwa pamoja na kuwekwa pale maji ya bafu yanapomwagika, zina faida kuliko moja ndefu kwenye udongo mkavu. Pima mwishoni mwa kiangazi.

Ukienda TANESCO

Nenda na ile karatasi ya siku tatu: tarehe, saa, volti bila birika, volti ukiwa na birika, namba ya mita. Ikiwezekana wawepo majirani watano wenye vipimo vyao, kupitia mwenyekiti wa mtaa. Vipimo vya nyumba ya karibu na transfoma vikiwa 228 na vya mwisho wa laini 190 saa ileile, hoja imejieleza. Omba mambo matatu kwa mpangilio huu: fezi zisawazishwe, viungo vya laini na nyutro vikaguliwe, na transfoma irekebishwe ngazi, kwani nyingi zina ngazi za asilimia 2.5 ambazo fundi huzibadilisha ikiwa imezimwa. Transfoma mpya huja baadaye na huhitaji bajeti.

Siku watakapoifunga hiyo mpya, rudi nyumbani ukapime kabla ya kitu kingine. Kama busta yako ni ya kudumu ya asilimia 15 na laini sasa inaleta 232, boksi linatoa 267 kuanzia dakika ile. Lizime, uunge friji moja kwa moja.